Nani Alilipa? Dola, Watu wa Baraza na Kazi ya Tafsiri katika Baghdad ya Bani Abbas

Utangulizi

Mwanafunzi wa historia akitajiwa elimu katika dola za Kiislamu za zama za kati, jina linalomjia kwanza ni Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima ya Baghdad. Simulizi yake ni fupi na inakumbukika kwa urahisi. Khalifa al-Ma'mun alijenga jumba, akawakusanya humo wataalamu wa kila dini, akawalipa dhahabu, nao wakahamishia katika Kiarabu elimu ya Wayunani, Waajemi na Wahindi. Mwaka 1258 Wamongolia wakauteka mji, na kazi yote ikaishia hapo.

Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inampa mtu mmoja na jengo moja sifa ya kazi iliyofanywa na watu wengi kwa vizazi vingi. Tafsiri zilianza takriban nusu karne kabla ya al-Ma'mun kushika ukhalifa mwaka 813, na ziliendelea kwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake mwaka 833. Katika kipindi hicho dola ilipita katika vita vya ndugu wawili waliogombea ukhalifa, makao ya serikali yalihamia Samarra mwaka 836 na kurudi Baghdad mwaka 892, na makhalifa kadhaa waliuawa na askari wao wenyewe. Kazi inayotegemea mfuko wa mtu mmoja isingeweza kuvuka misukosuko ya namna hiyo.

Insha hii inauliza swali ambalo mhasibu angeliuliza: nani alilipa, alilipia nini, na kwa nini malipo hayakukatika? Hoja yangu ni kwamba dola ndiyo iliyofungua soko la tafsiri, lakini soko hilo lilidumu kwa sababu watu wengi nje ya hazina ya khalifa nao waliona faida ya kulipa. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili, swali hili si la kale tu. Kila mara tunaulizwa kama lugha yetu inaweza kubeba sayansi. Historia ya Baghdad inaonesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa bila kuuliza pia nani anaihitaji sayansi hiyo katika lugha hiyo, na yuko tayari kutoa nini ili aipate.

Lugha ya ofisi kabla ya lugha ya sayansi

Waarabu Waislamu walipoziteka Shamu, Misri, Iraki na Uajemi katika karne ya 7, hawakubadili mara moja namna ya kukusanya kodi. Vitabu vya hesabu huko Shamu viliendelea kuandikwa kwa Kiyunani, na vya Iraki kwa Kiajemi cha kale. Makarani walikuwa walewale waliowatumikia watawala waliotangulia. Khalifa Abd al-Malik ibn Marwan wa Bani Umayya, aliyetawala kuanzia mwaka 685 hadi 705, ndiye aliyeagiza vitabu vya diwani, yaani ofisi za serikali, vianze kuandikwa kwa Kiarabu. Wakati huohuo alitoa sarafu mpya zenye maandishi ya Kiarabu.

Agizo hilo lilikuwa la utawala, halikuhusu falsafa wala tiba. Hata hivyo lilikuwa na matokeo mawili makubwa. Kwanza, karani aliyetaka kubaki na mkate wake alilazimika kukijua Kiarabu vizuri, na akamfundisha mwanawe vivyo hivyo. Kikazaliwa kizazi cha watu wa lugha mbili na tatu waliozoea kuhamisha hesabu, majina ya vipimo na taratibu za kazi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Pili, Kiarabu kilichokuwa lugha ya ushairi, ya Qur'ani na ya hotuba kilianza kuzoea sentensi kavu za karani: kiasi gani, kutoka shamba lipi, kwa kipimo kipi. Lugha inayoweza kuandika hesabu ya kodi ya mkoa mzima imekwisha kuanza safari ya kuandika jiometri.

Jambo la tatu lililosaidia ni karatasi. Ufundi wa kuitengeneza uliingia kutoka Asia ya Kati, na kufikia mwisho wa karne ya 8, katika utawala wa Harun al-Rashid, karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad kwenyewe. Ilikuwa rahisi kupatikana kuliko ngozi na mafunjo. Palipo na karatasi pakazuka kazi ya warraq, mtu aliyeuza karatasi, kunakili vitabu kwa malipo na kuviuza. Al-Ya'qubi, mwandishi wa jiografia wa mwishoni mwa karne ya 9, anaeleza kuwa mji huo ulikuwa na maduka ya vitabu zaidi ya 100. Kitabu kilichotafsiriwa kwa gharama ya mtu mmoja kiliweza kunakiliwa dukani na kusomwa na watu ambao mlipaji hakuwajua kamwe.

Mahitaji ya makhalifa wa mwanzo

Bani Abbas waliwapindua Bani Umayya mwaka 750, na makao ya dola yakahama kutoka Shamu kwenda Iraki, katika nchi iliyotawaliwa kwa karne nyingi na wafalme wa Kisasani wa Uajemi. Watawala hao wapya walizungukwa na mawaziri, makarani na wanajimu wa asili ya Kiajemi waliokumbuka jinsi wafalme wao walivyokusanya vitabu na kutafsirisha. Khalifa wa pili, al-Mansur, aliyetawala kuanzia mwaka 754 hadi 775, alirithi mazoea hayo pamoja na nchi yenyewe.

Tukiangalia alicholipia al-Mansur, tunaona mahitaji ya mtawala na si udadisi mtupu. Alipoanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, wanajimu Nawbakht na Mashallah walishiriki katika kumchagulia siku njema ya kuweka msingi. Alipougua tumbo mwaka 765, alimwita Jurjis ibn Bukhtishu, tabibu Mkristo wa Jundishapur, na ukoo wa tabibu huyo ukaendelea kuwatibu makhalifa kwa vizazi kadhaa. Wajumbe kutoka India walipofika barazani kwake na elimu ya falaki ya Kihindi, aliagiza ihamishiwe katika Kiarabu, na kazi hiyo inahusishwa na jina la al-Fazari.

Mwanawe al-Mahdi alikuwa na haja nyingine. Alitawala raia wa dini nyingi ambao wasomi wao walijua kubishana kwa hoja. Mnamo mwaka 782 alimwomba Timotheo wa Kwanza, kiongozi mkuu wa Kanisa la Mashariki, amtafsirie kitabu cha Aristotle kuhusu ufundi wa kujenga na kubomoa hoja. Timotheo alikifanyia kazi kupitia Kisiria, lugha ya elimu na ibada ya kanisa lake. Huyo huyo Timotheo aliketi mbele ya khalifa na kujadiliana naye habari za dini. Kwa hiyo khalifa alimlipa mpinzani wake wa mjadala ampe silaha ya mjadala.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra katika zama za al-Ma'mun. Katika dibaji anasema khalifa ndiye aliyemhimiza kuandika kitabu kifupi cha mambo ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya mirathi. Aljebra tunayofundishwa leo kama hesabu ya kichwani ilianza maisha yake katika Kiarabu kama msaada kwa kadhi, mpima ardhi na mfanyabiashara.

Jambo ambalo hazina peke yake iliweza

Si haki kumpunguzia al-Ma'mun sifa anayostahili. Yapo mambo ambayo mfanyabiashara au tabibu tajiri hangeweza kuyagharimia. Mnamo mwaka 828 wanajimu wake, akiwemo Yahya ibn Abi Mansur, walianza kuangalia jua na mwezi kwa utaratibu katika mtaa wa Shammasiyya huko Baghdad, na miaka michache baadaye kazi kama hiyo ilifanyika juu ya mlima Qasiyun karibu na Damascus. Lengo lilikuwa kuyajaribu majedwali ya Ptolemy na ya Wahindi na kuona wapi yanakubaliana na anga lenyewe.

Aliagiza pia dunia ipimwe. Wataalamu walipelekwa katika uwanda wa Sinjar, kaskazini mwa Iraki, wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilielekea kaskazini, jingine kusini, wakipima mwendo wao ardhini mpaka urefu wa anga ulipobadilika kwa nyuzi moja. Waliporudi na kulinganisha, matokeo yanayotajwa zaidi ni maili za Kiarabu 56 na theluthi mbili kwa nyuzi moja. Ukizidisha kwa 360 unapata mzingo wa dunia. Kazi hiyo ilihitaji watu, vyombo, chakula, usalama wa njia na amri inayosikilizwa na watawala wa mikoa. Dola peke yake ndiyo iliyoweza kuyaweka hayo yote pamoja.

Lakini tukirudi kwenye tafsiri, ushahidi kuhusu Bayt al-Hikma ni mwembamba kuliko sifa zake. Mwanahistoria Dimitri Gutas, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu fikra za Kiyunani na utamaduni wa Kiarabu, anaonesha kuwa habari za kuaminika zinaielezea kama maktaba ya khalifa yenye mizizi katika desturi za Kisasani, na kwamba ni vigumu kuzihusisha nayo moja kwa moja tafsiri kubwa kutoka Kiyunani. Kuna pia ile ndoto maarufu: al-Ma'mun alimwona Aristotle akiwa ameketi, akamuuliza habari ya jema, na baada ya ndoto akaanza kutafuta vitabu. Ibn al-Nadim aliiandika ndoto hiyo katika orodha yake kubwa ya vitabu mnamo mwaka 987, zaidi ya miaka 150 baada ya khalifa kufa, akiitaja kama moja ya sababu za vitabu vya falsafa kuenea. Hata hivyo tumeona kuwa Aristotle alikuwa ameshatafsiriwa kwa al-Mahdi kabla al-Ma'mun hajazaliwa. Ndoto inatuonesha jinsi vizazi vya baadaye vilivyoiheshimu kazi ya tafsiri. Haituoneshi jinsi ilivyoanza.

Walipaji wengine

Ili kuwaona walipaji wenyewe, chanzo bora ni barua ya mfasiri. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo Mwarabu wa al-Hira aliyefariki mwaka 873, alimwandikia mtu wa baraza aitwaye Ali ibn Yahya barua ndefu inayoorodhesha vitabu vya Galen, tabibu mkuu wa Kiyunani. Anataja vitabu 129. Kwa vingi kati ya hivyo anaeleza nani alikuwa amekitafsiri kabla yake, tafsiri hiyo ilikuwa na ubora gani, yeye mwenyewe alikifanyia nini, na kwa ombi la nani.

Majina yanayojirudia katika orodha hiyo ni ya matabibu na watu wa baraza. Wamo akina Yuhanna ibn Masawayh na Bukhtishu ibn Jibril, matabibu Wakristo waliosoma Kisiria, na kwa ajili yao Hunayn alitafsiri kwa Kisiria. Yumo Muhammad ibn Musa, mmoja wa ndugu watatu waitwao Banu Musa, aliyetaka vitabu vyake kwa Kiarabu. Mlipaji aliamua kitabu na aliamua lugha. Tabibu alilipa kwa sababu kitabu kipya cha Galen kilimpa uwezo mbele ya mgonjwa tajiri na mbele ya tabibu mshindani. Kwa mtu wa aina hiyo tafsiri ilikuwa kifaa cha kazi, kama patasi kwa seremala.

Banu Musa wanastahili kuangaliwa kwa karibu. Baba yao alikuwa mtu wa al-Ma'mun, na alipokufa khalifa alihakikisha watoto wanalelewa na kusomeshwa. Walikuwa wanahisabati na mafundi wa mitambo, wakatajirika kwa kazi za serikali. Inasimuliwa kwamba waliwalipa wafasiri wao, akiwemo Hunayn, takriban dinari 500 kila mwezi kwa kutafsiri na kwa kuwa nao muda wote. Ni Muhammad ibn Musa pia aliyemgundua Thabit ibn Qurra, mbadili fedha wa Harran aliyejua lugha kadhaa, akamleta Baghdad. Thabit, aliyefariki mwaka 901, alikuwa wa dini ya Wasabii wa Harran. Alirekebisha tafsiri ya Euclid na akawa mwanahisabati mkubwa kwa kazi zake mwenyewe.

Hapa msomaji anaweza kupinga. Je, fedha za Banu Musa hazikuwa zilezile za kodi, zilizotoka kwa mkulima wa Iraki, zikapita hazina na kuwafikia kama mishahara na zawadi? Pingamizi hilo ni la haki. Fedha zilitoka chemchemi moja. Lakini ziligawanyika katika mifereji mingi kabla ya kufika kwa mfasiri, na kila mwenye mfereji alikuwa na uamuzi wake. Khalifa mmoja akipuuza hisabati, Banu Musa waliendelea kuilipia. Tajiri mmoja akifilisika, tabibu mwingine alibisha hodi kwa Hunayn. Cha muhimu hapa ni idadi ya watu waliokuwa na uwezo wa kusema ndiyo.

Malipo ya namna hiyo yalizaa ubora. Hunayn anaeleza kuwa alipopata nakala moja mbovu alisubiri, akakusanya nakala nyingine, akazilinganisha mpaka apate matini sahihi, ndipo alipotafsiri. Alipokitafuta kitabu cha Galen kuhusu uthibitisho, alisafiri katika Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka Alexandria, na asipate ila karibu nusu yake huko Damascus. Mtu anayelipwa kwa kitabu kimoja cha haraka hawezi kufanya kazi hiyo. Mtu anayelipwa mwezi hadi mwezi anaweza.

Yapo pia masimulizi kwamba Hunayn alilipwa kwa uzito wa vitabu. Ibn Abi Usaybi'a, tabibu na mwandishi wa karne ya 13, anasema aliviona vitabu vya aina hiyo: karatasi nene, herufi kubwa, mistari iliyoachana. Maelezo yake ni kwamba mfasiri alikusudia kitabu kiwe kizito ili malipo yaongezeke. Anaongeza kuwa unene huo ndio uliovifanya vitabu vidumu. Iwe kweli au utani wa matabibu, habari hiyo inaonesha kuwa hata wao walijua jambo ambalo kila mwenye kulipa hulijua: namna unavyolipa ndiyo namna utakavyofanyiwa kazi.

Hatari ya kumtegemea mmoja

Ulezi wa dola ulikuwa na upande wa pili. Al-Ma'mun yuleyule aliyegharimia upimaji wa dunia ndiye aliyeanzisha mwaka 833 mihna, yaani mtihani wa imani uliowalazimisha makadhi na wanazuoni kukiri kuwa Qur'ani iliumbwa. Imamu Ahmad ibn Hanbal alikataa, akafungwa, na katika utawala wa al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Mkono uliotoa dinari kwa mnajimu ndio uliotoa amri ya mjeledi kwa mwanazuoni. Hatuwezi kuusifu mmoja tukajifanya hatukuuona mwingine.

Wanasayansi nao hawakuwa salama. Al-Kindi, aliyeitwa mwanafalsafa wa Waarabu, alikosana na Banu Musa katika utawala wa al-Mutawakkil. Ndugu hao wakamchongea kwa khalifa, akapigwa, na maktaba yake ikachukuliwa. Kwa mujibu wa Ibn Abi Usaybi'a, Banu Musa baadaye walimpa al-Farghani kazi ya kuchimba mfereji wa khalifa, naye akakosea kina cha mdomo wake, hata maji yasingeweza kuingia mto ukishapungua. Mtu pekee aliyeweza kuwaokoa ni Sanad ibn Ali, mhandisi waliyekuwa wamemfukuza. Sanad alikataa kusema neno mpaka al-Kindi arudishiwe vitabu vyake vyote. Vilirudishwa. Kisha akamwambia khalifa kuwa mfereji hauna kosa, akijua kuwa mto ulikuwa umejaa na kosa lisingeonekana kwa miezi kadhaa. Kabla maji hayajashuka, khalifa aliuawa. Hunayn mwenyewe aliwahi kupoteza vitabu vyake na kutiwa kifungoni na khalifa huyohuyo kwa fitina za barazani.

Mfano wa baadaye unaonesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Huko Samarkand, katika miaka ya 1420, Ulugh Beg, mtawala aliyekuwa mnajimu mwenyewe, alijenga kituo kikubwa cha kuangalia nyota na kuwakusanya wataalamu. Mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe, na kituo kikakosa mwenyewe. Kilichonusurika ni majedwali ya nyota ambayo wataalamu wake waliondoka nayo na ambayo wengine waliendelea kuyanakili. Jengo lilikuwa na mlipaji mmoja. Kitabu kilikuwa na wasomaji.

Maneno yaliyofika kwetu

Wafasiri wa mwanzo, walipokutana na istilahi ya Kiyunani, mara nyingi waliiandika kwa herufi za Kiarabu kama ilivyo. Jiometri iliitwa jumatriya, na kitabu cha Aristotle cha aina kuu za mambo kikaitwa qatighuriyas. Baadaye, wasomaji walipoongezeka, maneno hayo yalionekana kuwa magumu, na mengi yakaachwa. Jumatriya ikapokwa nafasi na handasa, neno lenye asili ya Kiajemi. Qatighuriyas ikawa maqulat, yaani yanayosemwa. Elimu ya hoja ikaitwa mantiq, kutokana na kutamka, kama vile Wayunani walivyoijenga juu ya neno lao la usemi. Neno falsafa, kwa upande wake, lilibaki na sauti yake ya Kiyunani kwa sababu lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Tunasema falsafa, mantiki, mhandisi, hisabati, falaki na tabibu. Kupitia Kiarabu, maamuzi ya wafasiri wa Baghdad yamo katika kamusi zetu. Tena maamuzi hayo hayakufuata kanuni moja. Mahali pengine waliazima kutoka kwa jirani, pengine waliunda kutokana na mzizi wao, pengine waliacha neno geni likae. Aliyeamua mwishoni ni mtumiaji: tabibu, karani, mwalimu na mnakili wa dukani.

Hili linaeleza pia jinsi kazi hiyo ilivyokwisha. Haikukatizwa na Wamongolia, kwa maana ilikuwa imepungua tangu mwisho wa karne ya 10. Ilipungua kwa sababu vitabu vipya vilivyoandikwa kwa Kiarabu moja kwa moja vilivipita vilivyotafsiriwa. Mwanafunzi wa tiba aliyekuwa na vitabu vya al-Razi, na baadaye Qanuni ya Ibn Sina, hakuwa tena na haja ya kumwagiza mtu amtafutie Galen mwingine. Soko la tafsiri lilifungwa na mafanikio yake.

Hitimisho

Insha hii imeonesha mambo matatu. Dola ilianza kwa kuifanya lugha iwe na kazi ofisini, ndipo ikaweza kuitumia kwa elimu. Makhalifa walilipia kile walichokihitaji, na baadhi ya kazi, kama upimaji wa dunia, zisingewezekana bila wao. Lakini uhai wa tafsiri ulitokana na wingi wa walipaji na wingi wa watumiaji, na penye mlipaji mmoja kazi ilikuwa hatarini kila alipokasirika au kufa.

Katika nchi zetu sheria zimekwisha kukipa Kiswahili hadhi. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ikakiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2017. Hatua hizo ni za kushukuriwa. Hata hivyo agizo la Abd al-Malik lilikuwa na nguvu kwa sababu siku iliyofuata karani alipaswa kuijaza daftari kwa Kiarabu. Lugha rasmi ambayo hakuna daftari inayojazwa kwayo haitamdai mtu istilahi hata moja. Vilevile, tukisubiri serikali peke yake itafsirishe vitabu vya tiba, kilimo na hisabati, tutakuwa tunajenga kituo cha Ulugh Beg.

Wanaoweza kulipa ni wengi kuliko tunavyodhani: hospitali inayotaka mgonjwa aelewe dawa yake, ushirika wa wakulima unaotaka mwongozo wa mbolea, kampuni ya simu, msikiti, kanisa, chuo, mchapishaji. Kila mmoja wao ana haja yake ndogo, kama al-Mansur alivyokuwa na tumbo lake na al-Mahdi mjadala wake. Kazi yetu sisi tunaojifunza lugha hii ni kuwa tayari wanapobisha hodi, tukiwa na nakala zaidi ya moja mezani na subira ya kuzilinganisha. Na wao, wakishabisha hodi, wakubali kulipa kwa mwezi, si kwa uzito wa karatasi.